Televizyo ya inchi 43

Baba mmoja wa mgodini aliniuliza: «Mchungaji, mshahara umetoka. Nitwae ya inchi 43, ile ya 4K?»

Nikamwuliza, unakaa mbali namna gani? Metre 3. Basi, pale jicho halioni sana tofauti ya 4K (nukta 3840 kwa 2160) na Full HD (1920 kwa 1080). Na inchi 43 ni pembe hata pembe, sentimeta 109, si upana.

Sasa geuza televizyo, soma volti. Mimi nilitwaa ya 220–240. Kila jioni umeme ukishuka, inazimika, mama watoto ananicheka! Afazali 100–240. Na zile pesa za 4K, nunulia stabilizatere, maana umeme unapanda vilevile.