Nchi 29 na Mlango Mmoja

Wengi kati yetu leo wana jamaa Ulaya: mtoto asomaye Ujerumani, ndugu afanyaye kazi Uswidi, binti aliyeolewa Uholanzi. Mzazi atakaye kwenda kumzuru mwanawe huuliza kwanza nauli. Sisi twaona yafaa aulize kwanza jambo jingine: mlango wa kuingilia uko wapi?

Tarehe 14 Juni 1985 wajumbe wa Ubelgiji, Ufaransa, Uholanzi, Luxemburg na Ujerumani ya Magharibi walitia sahihi mkataba huko Schengen, kijiji cha Luxemburg kilichoko ukingoni mwa mto Moselle. Walikubaliana kuondoa hatua kwa hatua ukaguzi wa watu katika mipaka iliyo baina yao. Ukaguzi huo ulianza kuondolewa hasa tarehe 26 Machi 1995, na leo nchi zilizomo ni 29. Norwe na Uswisi zimo, ijapokuwa si wanachama wa Umoja wa Ulaya. Ayalandi ni mwanachama wa Umoja huo, wala haimo. Uingereza nayo haimo.

Basi mtu asidhani kwamba mipaka yote imeondoshwa. Iliyoondoshwa ni ya ndani. Ya nje imezidi kukazwa. Abiria atokaye Dar es Salaam kwenda Oslo kwa kupitia Amsterdam hukaguliwa pasipoti yake Amsterdam, kisha hupanda ndege ya Oslo kama mtu aendaye Mwanza. Asiyeweka nafasi ya kutosha baina ya ndege mbili aweza kuachwa naye angali katika foleni ya ukaguzi.

Jambo la pili limewaponza wengi. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania aendaye Kanada, akibadili ndege mara moja tu Amsterdam bila ya kutoka eneo la wapita njia, kwa kawaida hahitaji viza ya Schengen. Lakini akiuziwa tikiti rahisi inayompitisha Amsterdam kisha Paris, safari baina ya miji hiyo miwili huhesabiwa kuwa ya ndani. Hana budi kuvuka mpaka pale Amsterdam, na asiye na viza havuki. Ni hali moja na mwenye tikiti mbili mbalimbali, ambaye lazima atoke nje kuchukua mizigo yake na kuipeleka upya. Ndugu zetu wenye pasipoti za Kongo ya Kinshasa yawapasa kuangalia zaidi, kwani wao hutakiwa viza ya kupita uwanjani hata wakibadili ndege mara moja, ila wale wenye viza halali ya nchi kama Marekani au Kanada.

Wala tusiwalaumu bure watumishi wa mashirika ya ndege wapekuao hati zetu. Sheria za Ulaya hulitoza faini shirika limchukualo abiria asiye na hati zitakiwazo, na hulilazimisha kumrudisha. Kwa hiyo mpaka wa Ulaya waanzia kwenye meza ya kupimia mizigo hapa nyumbani, na hapo ndipo abiria huzuiwa hali nauli imekwisha kulipwa.

Viza yenyewe huombwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi; siku zikilingana, kwa ile utakayoingia kwanza. Tangu Juni 2024 ada ya mtu mzima ni euro 90, nayo hairudishwi ukikataliwa. Yatakiwa pia bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Kina mama wasiwe na wasiwasi juu ya picha: ushungi waruhusiwa kwa ajili ya dini, maadamu uso waonekana toka kidevuni hata kipajini. Na viza ya kuingia mara moja huisha utokapo. Aliyeko Paris akaenda harusini London hawezi kurudi kwa viza ile ile.

Mgeni haruhusiwi kupita siku 90 katika kila siku 180, na hesabu hiyo ni ya nchi zote 29 pamoja. Aliyekaa siku 50 Ujerumani na 30 Uswidi amebakiwa na 10, hata akihamia Uhispania. Siku ya kuingia huhesabiwa, na ya kutoka huhesabiwa. Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 Ulaya ilianza kuweka daftari la mitambo mahali pa mihuri, na daftari hilo halisahau.

Lakini hatutaki vijana wetu waitii hesabu hii kwa kuogopa mitambo. Wanazuoni wetu wamefundisha tangu zamani kwamba Mwislamu aingiaye nchi ya watu kwa amani waliyompa amefungwa na masharti ya amani hiyo. Viza ni ahadi. Kijana aandikaye kwamba atarudi, na moyoni amekwisha azimia kutorudi, ameianza safari yake kwa uongo. Na mzazi amsaidiaye kutunga barua ameshirikiana naye. Tena akizidisha siku aweza kupigwa marufuku katika nchi zote 29, si ile moja aliyokosea. Ukimfika dada yake msiba huko Uholanzi, atamfikia kwa njia gani? Kuunga jamaa ni ibada. Tusiikate kamba hiyo kwa mikono yetu.

Basi kabla ya kulipa nauli, ketini jamaa pamoja, mwandike kila kiwanja ambacho ndege itatua, mlango wa kuingilia, na siku ya kurudi. Kisha itimizeni siku hiyo.

Mwenyezi Mungu awafikishe salama wasafiri wetu, na awarudishe kwa watu wao wakiwa wakweli. Amin.