Kasongo na Kabambare: magurudumu manne ao sita, barabara ndiyo iamue

Kusini mwa jimbo la Maniema, mfanyabiashara aliyekusanya pesa za kununua gari dogo la mizigo hufika mbele ya swali moja: achukue pikapu yenye gurudumu moja kila upande wa nyuma, ao kamyo dogo lenye magurudumu mawili-mawili? Wengi huchagua la pili bila kufikiri sana, kwa sababu linabeba zaidi. Kwenye lami wana haki. Kwenye njia inayotoka Kasongo kwenda Kabambare, Salamabila na hadi Lulimba, hesabu hiyo ina makosa, na wanaoyalipa si wenye magari peke yao.

Njia hii ni ya zamani. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Ujiji ilipita Kabambare kuelekea Kasongo, ambako Tippu Tip alikuwa na makao, na mizigo ilibebwa juu ya vichwa vya watu. Leo mchele, karanga na mawese vinatoka. Chumvi, sabuni, sukari, simenti na dawa vinaingia. Mizigo mingi bado inapita kwa pikipiki na kwa baiskeli zinazosukumwa. Toka Septemba hadi Mei ni wakati wa mvua, na barabara ya udongo inageuka potopoto. Gari likizama, bei ya chumvi sokoni inapanda kabla gari halijatolewa.

Magurudumu pacha yana faida zake, wala hakuna sababu ya kuzificha. Mzigo unagawanywa juu ya mipira minne badala ya miwili. Gari linasimama imara kwenye kona. Mpira mmoja ukipasuka, wa pili unaweza kulishikilia gari hadi lisimame polepole. Kamyo dogo la aina ya Canter linabeba tani tatu ao zaidi, wakati pikapu ya Land Cruiser inabeba karibu tani moja. Mwenye mali anaona safari moja badala ya tatu, na anachukua uamuzi.

Lakini tope halisomi karatasi za gari. Gurudumu la mbele linachimba mfereji mmoja. Gurudumu moja la nyuma linafuata mfereji uleule. Pacha hazienei ndani yake, kwa kuwa upana wao ni karibu mara mbili: mpira mmoja unapanda ukingo, ao yote miwili inajichimbia njia mpya, na injini inalazimika kuvuta mara mbili. Udongo unajaa katikati ya mipira na kuigeuza kuwa pipa linaloteleza. Jiwe likinasa hapo, linakata mbavu za mpira.

Wanajeshi wamelijua jambo hili zamani. Marekani ilitumia kwa miaka mingi kamyo la M35 lenye magurudumu pacha nyuma; toleo lake la M35A3 lilitiwa mpira mmoja mpana kila upande. Ural-4320 ya Warusi nayo ina mpira mmoja kila upande wa ekseli zake zote. Huko Australia, wenye makamyo madogo yanayovuta kwa magurudumu yote manne huondoa pacha na kuweka mpira mmoja mpana, ili nyuma ifuate alama za mbele.

Kuna pia madaraja. Mengi ya vijijini ni magogo yaliyotandikwa mbao kwa mistari miwili, mmoja kwa kila upande wa gari. Mpira mmoja unaenea juu ya ubao. Pacha zikipita, mpira wa nje unaweza kubaki hewani ao kukanyaga ncha ya ubao na kuivunja. Daraja likivunjika, mama anayesafirishwa kwenda hospitali analala ng'ambo ya mto.

Tena kuna hesabu ya mipira. Kamyo lenye pacha linataka sita chini na mmoja wa akiba, jumla saba. Pikapu inataka mitano. Pacha zinapaswa kulingana kwa kimo na kwa kuchakaa. Mwenye gari akichanganya mpira mpya na uliochoka, ule mrefu unabeba mzigo wote. Mpira wa ndani ukipoteza upepo, shofere haoni. Wa nje unapata joto na kupasuka.

Je, basi kila mtu anunue pikapu? Hapana. Anayefanya kazi mjini Kasongo, ao anayesafiri kiangazi tu, kati ya Juni na Agosti, anaweza kupata faida kwa pacha. Lakini anayetaka kufika Kabambare mwezi wa Aprili afikirie kilometa mbaya kuliko zote, si zile nzuri. Safari tatu za tani moja zinazofika ni bora kuliko tani tatu zilizolala porini siku nne huku mchele ukilowa.

Onyo moja ni la lazima. Pikapu isipakiwe kama kamyo. Mpira mmoja ukipasuka kwenye mteremko, hakuna wa pili wa kuusaidia. Gari linainama na kupinduka, na abiria huwa wamekaa juu ya magunia. Pia kutoa mpira mmoja wa pacha na kuacha ule mwingine peke yake ni hatari, kwa sababu haukutengenezwa kubeba uzito wote. Anayetaka kubadili abadili na rimu, kisha apunguze mzigo.

Viongozi nao wana kazi yao. FONER, mfuko wa kitaifa wa matengenezo ya barabara ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008, unapata pesa kwenye mafuta ya gari na kwenye vizuizi vya malipo. Wakaaji wanaolipa wana haki ya kuona mbao mpya, pana na imara, juu ya madaraja. Vizuizi vya mvua viheshimiwe na wote, hata na gari la mkubwa, kwani kamyo moja lililopita saa moja baada ya mvua linaharibu kazi ya salongo ya wiki nzima. Na magunia yahesabiwe kabla gari halijaondoka Kasongo: mtu akilipa ili apite na mzigo uliozidi, kijiji kitakachobaki bila daraja kitakuwa kimelipa pamoja naye.