Paneli mpya za jua zipimwe kwa mvua kabla ya kuuzwa Kivu

Huko Goma, Bukavu, Butembo na vijijini, paneli ya jua si kitu cha matajiri tena. Ndiyo inawasha taa ya watoto wanaosoma usiku na kuchaji simu. Familia nyingi huinunua kwa akiba ya miezi mingi. Kwa hiyo habari za paneli za aina mpya, zinazotarajiwa kuwa za bei nafuu, zinawahusu wakaaji wa mashariki ya Congo moja kwa moja.

Paneli hizo zinatumia maada iitwayo perovskiti. Mwaka 2009, kundi la Profesa Tsutomu Miyasaka nchini Japani lilionyesha kuwa maada hiyo inaweza kugeuza mwanga kuwa umeme, lakini kwa asilimia 3.8 tu. Leo, katika maabara, kiwango kimepita asilimia 26 na kukaribia kile cha silikoni, inayotumika katika paneli nyingi za sokoni. Tena perovskiti hupakwa kwenye kioo kama wino, bila tanuru zenye moto mkali.

Tatizo ni maji. Perovskiti iliyochunguzwa zaidi mwanzoni ina chumvi inayoyeyuka upesi. Unyevunyevu ukipenya, chumvi hiyo hutoka, na utando mweusi unaonasa mwanga hugeuka kuwa wa manjano. Kinachobaki kina madini ya risasi, ambayo ni sumu, na umeme unakwisha.

Watafiti hawakukaa bure. Wamebadilisha sehemu ya chumvi hiyo kwa viungo imara zaidi, kama sesiamu. Wamepaka juu yake tabaka jembamba linalofukuza maji. Wengine hufunga kila kitu kati ya vioo viwili na kuziba kingo kwa mpira. Mwaka 2024, kampuni ya Oxford PV ya Uingereza ilianza kupeleka kwa wateja paneli zinazochanganya perovskiti na silikoni.

Hata hivyo, jaribio la unyevunyevu linalotumika duniani ni la saa 1,000, kwa joto la digrii 85 na unyevunyevu wa asilimia 85. Hizo ni siku 42 hivi. Joto hilo kali huharakisha uharibifu, na jaribio limesaidia sana kwa silikoni. Lakini linafanywa gizani, wakati perovskiti huteswa pia na mwanga. Kwenye bati la nyumba ya Bukavu, mvua ya asubuhi, jua kali la mchana na baridi ya usiku vinakuja siku moja, mwaka baada ya mwaka.

Ndiyo maana rekodi za maabara hazitoshi. OCC, idara inayokagua bidhaa zinazoingia nchini, iombe cheti cha jaribio la unyevunyevu kwa kila paneli ya perovskiti. Vyuo vikuu vya Kivu viweke sampuli juu ya paa kwa misimu kadhaa ya mvua na kutangaza matokeo. Muuzaji naye atoe dhamana ya maandishi na kueleza paneli iliyokufa itarudishwa wapi. Bila hivyo, zitatupwa mabondeni, na mvua itasukuma risasi kuelekea mashamba na Ziwa Kivu, ambako watu wanachota maji.

Wapo watakaosema kwamba masharti hayo yatamcheleweshea maskini mwanga. Hoja hiyo ina uzito, maana Wacongo wengi bado hawana umeme. Lakini paneli za silikoni zipo tayari, na zile nzuri huuzwa kwa dhamana ya hadi miaka 25. Mama muuza samaki akinunua paneli ya bei ndogo inayokufa baada ya misimu miwili ya mvua, atalipa mara mbili, na giza litarudi nyumbani kwake. Tajiri anaweza kubahatisha. Yeye hawezi, na ndiye anayepaswa kulindwa kwanza.