Goma: Tohara imeenea Katindo, kinga ya UKIMWI bado ina pengo

Huko Rwanda, Uganda, Tanzania na Kenya, serikali zimetumia miaka mingi kuwashawishi wanaume watu wazima wakubali kutahiriwa ili kupunguza maambukizi ya virusi vya UKIMWI. Katika mtaa wa Katindo, mjini Goma, ushawishi huo hauna kazi kubwa: wanaume wengi walitahiriwa wangali watoto. Hatari ya hapa ni nyingine, yaani kudhani kwamba aliyetahiriwa amekwisha kujikinga.

Kampeni za nchi jirani zilitokana na tafiti tatu zilizofanyika Orange Farm nchini Afrika Kusini, Kisumu nchini Kenya na Rakai nchini Uganda. Zilionyesha kwamba tohara inapunguza kwa karibu asilimia 60 uwezekano wa mwanaume kuambukizwa na mwanamke. Mwaka 2007, Shirika la Afya Duniani, OMS, na UNAIDS yalipendekeza njia hiyo, na nchi 15 za mashariki na kusini mwa Afrika zikapewa kipaumbele.

Kongo haimo kati ya hizo. Mpango ulilenga nchi zenye maambukizi mengi na wanaume wachache waliotahiriwa, wakati nchini Kongo zaidi ya wanaume 9 kati ya 10 wametahiriwa. Ng'ambo ya mpaka wa Goma hali ilikuwa tofauti: nchini Rwanda waliotahiriwa walikuwa asilimia 13 mwaka 2010, wakafika asilimia 30 katika uchunguzi wa 2014-2015.

Lakini asilimia 60 si ukuta. Tohara huondoa ngozi ambayo virusi hupenya kwa urahisi, ila njia nyingine za kuambukizwa hubaki wazi. Tena haimkingi moja kwa moja mwanamke anayelala na mwanaume mwenye virusi. Utafiti wa Rakai uliochapishwa mwaka 2009 haukuona kinga hiyo. Uchunguzi wa kitaifa wa Kongo wa 2013-2014 ulikuta virusi kwa asilimia 1.6 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49, dhidi ya asilimia 0.6 ya wanaume. Katika nchi ambamo karibu kila mwanaume ametahiriwa, wanawake ndio waliobeba mzigo mkubwa.

Kuna tofauti nyingine isiyozungumzwa sana. Katika mipango ya nchi jirani, mwanaume anayekwenda kutahiriwa hupewa pia nafasi ya kupima virusi, mashauri, kondomu na matibabu ya magonjwa ya zinaa. Mtoto anayetahiriwa Goma akiwa na wiki au miezi michache hawezi kupokea mashauri hayo. Akifika miaka 18, kisu kilikwisha kupita zamani, na hana sababu ya tohara ya kumrudisha kwa munganga.

Pengo hilo limekuwa zito zaidi tangu Januari 2025. Tarehe 20 mwezi huo, Marekani, mfadhili mkubwa wa mapambano dhidi ya UKIMWI, ilisimamisha misaada yake ya nje. Siku chache baadaye, Goma iliangukia mikononi mwa AFC/M23, na uwanja wa ndege ukafungwa. Vita vimeambatana na ubakaji, na mtu aliyebakwa anahitaji kuanza dawa za kuzuia virusi kabla ya saa 72 kupita, kisha azimeze kwa siku 28. Tohara ya aliyembaka haiondoi haja ya dawa hizo.

Kwa wakaaji wa Katindo, kuna mambo yanayoweza kufanywa bila kungoja kampeni mpya: vijana kuelezwa wazi kwamba kutahiriwa hakuchukui nafasi ya kondomu, mume kupima pamoja na mke mjamzito anapokwenda CPN, na kila familia kujua kituo cha afya chenye dawa za saa 72 kabla ya kuzihitaji.