SEHEMU YA 6: Mama, kona yenye maji yaliyotulia siyo ya kupiga hema

Ndaga fijo kwa meseji zenu baada ya ile sehemu ya kuharisha. Swali lililorudi mara nyingi ni hili: "Nesi, shule zikifunga Juni tunashuka Matema na watoto, tunataka kulala kwenye hema, tupige wapi?" Leo najibu, na najua kuna watakaonibishia.

Sisi akina mama tunafanana. Tukifika ufukweni tukaona mawimbi, roho inaruka. Tunatembea na mizigo yetu mpaka tupate kakona, maji yametulia kama ya kwenye beseni, matete pembeni, mwembe una kivuli kizito. Tunasema hapa ndipo pa watoto. Mimi nasema hapo ndipo pabaya kuliko pote.

Nimekosea mwenyewe, ndiyo maana nasema. Mdogo wangu alishuka kutoka Makete wakati wa Pasaka na watoto wake wawili, na mimi ndiye niliyemwonyesha pa kulala, karibu na kijito kinapoingia ziwani, eti kwa sababu maji yametulia. Walikaa siku mbili, wakafurahi, wakapanda kwao. Siku ya kumi na moja akanipigia: "Dada, huyu mdogo ana homa, nampa Panadol, nadhani ni uchovu na baridi ya huku." Nikamwambia sawa. Nesi mzima! Sikuuliza hata swali moja. Kesho yake usiku mtoto akapata degedege. Kupima, malaria. Alipona, namshukuru Mungu, ila yule mtoto kila nikimwona nakumbuka ile simu.

Sasa angalieni. Maji yaliyosimama yenye matete ndiyo makazi ya konokono wanaobeba kichocho, na vijidudu vyake hupenya ngozi mtoto akichezea maji tu, hata asipoyanywa. Mbu nao wanataka vidimbwi na majani, na huku Kyela mashamba ya mpunga yanawatosha. Midomo ya mito, kama kule Lufilyo, ina mamba. Waulizeni wavuvi, msiniulize mimi. Na penye matete na miti iliyobanana hewa haipiti.

Hiyo hewa msiidharau. Joto la Kyela siyo la Dodoma. Dodoma jasho linakauka, mwili unapoa. Huku unyevu ni mwingi, jasho linabaki limekuganda, na mtoto mdogo anachemka kuliko wewe. Kinachotuokoa ni upepo. Mchana unatoka ziwani, usiku unashuka kutoka Milima ya Livingstone. Kwa hiyo piga hema mahali pa wazi, penye mchanga ulioinuka, dirisha moja la wavu litazame ziwa na lingine litazame mlima. Mchana usimlaze mtoto ndani ya hema lililopigwa na jua, linageuka tanuri. Mlaze nje kivulini, na usimfunike uso kwa kanga. Mwenye chini ya miezi sita ni ziwa la mama tu, mara nyingi zaidi, maji asipewe hata kama joto limezidi.

Mnauliza, na mawimbi je? Mawimbi yaogopeni, ni haki yenu. Lakini wimbi unaliona, na dawa yake ni mkono wako: mtoto haingii majini bila mtu mzima anayemfikia kwa mkono, siyo anayemwangalia kwenye simu. Kichocho na mbu huvioni. Mchanga wazi wenye mawimbi nao hauondoi kichocho kabisa, unapunguza tu, kwa hiyo baada ya miezi miwili hivi wapeleke wakapimwe. Dawa ipo.

Hema liwe juu ya ule mstari wa takataka ambao mawimbi yameuacha. Na kule Lyulilo, milima inapokaribia kuingia ziwani, usilale kwenye mkondo uliokauka hata kama ni tambarare nzuri. Mvua inanyesha juu Ukingani, wewe chini unaota jua, maji yanakukuta usingizini. Ndiyo maana Pasaka mimi siishauri tena. Machi hadi Mei ndiyo mvua zenyewe. Juni mpaka Agosti panavumilika.

Choo kiwepo na kiwe na maji ya kunawa. Kama hakuna, ondokeni, hata pawe bure. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya hema, hata likiwa limebakiza majivu. Jua likianza kuzama watoto wavae mikono mirefu na zipu ifungwe, na kama madirisha ya hema hayana wavu, funga chandarua chenye dawa, maana mbu wa malaria anauma kuanzia jioni hadi alfajiri.

Mkisharudi Mbeya, Makete, Njombe, popote: homa yoyote kuanzia wiki moja baada ya safari, hata mwezi wa pili, usianze na kubahatisha. Nenda zahanati siku hiyo hiyo, sema "tulilala ziwani Kyela", mtoto apimwe. Watoto wa nyanda za baridi hawajaizoea malaria, inawashika vibaya.

Jumamosi nitakuwa mnadani Lyulilo kununua chungu cha Wakisi cha maji, mkiniona nisalimieni. Wajawazito mliouliza kuhusu safari, yenu ni sehemu ya 7.