Zima Taa Kwanza
Mwenzangu wa chumba amenunua kidude cha kugeuza muziki wa dijitali uwe sauti, bei yake kodi ya miezi mitatu. Anaapa sasa anasikia hadi pumzi za mwimbaji. Mimi nasema anasikia bei. Tulinganishe na kile cha zamani, nikamwambia, sauti ziwe sawa kabisa (inayozidi hata kidogo hudhaniwa bora), nawe usione kipi kinapiga. Akanuna.

Mwaka 2007 Meyer na Moran walichapisha jaribio la aina hiyo: rekodi za ubora wa juu, zenyewe na zikiwa zimepitishwa kwenye kigeuzi cha kiwango cha CD. Majibu 276 kati ya 554 yalikuwa sahihi. Hata sarafu ingefika hapo. Na miongoni mwa wasikilizaji walikuwemo watu wa studio!

Yeye anasema masikio yangu hayajafundwa. Juzi kaniomba nimlipie kodi.