Kadi ya ulemavu unayo, mbona pesa za Inua Jamii huzioni?

Chukua kijana wa Wang'uru aliyepoteza mkono kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Hapa Mwea kazi nyingi za vijana ni za mikono: kupanda mpunga kwenye matope, kuvuna, kubeba magunia, ama kuendesha boda kwenye barabara ya Makutano–Embu. Mkono ukienda, zote zimeenda. Anapimwa hospitalini, anasajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wanaoishi na Ulemavu (NCPWD), anapata kadi. Kisha anaenda kwa chifu kuulizia zile 2,000 za Inua Jamii, anaambiwa hafai.

Mtaani watu husema chifu amemkalia. Inawezekana, maana upendeleo upo. Lakini hata chifu awe malaika, huyu kijana angerudi nyumbani mikono mitupu, kwa sababu kadi na pesa ni vitu viwili tofauti.

Kadi inathibitisha kwamba una ulemavu. Pesa, tangu zianze kutolewa 2011, ni za wenye ulemavu mkubwa kabisa: mtu wa familia maskini anayehitaji kuhudumiwa na mwingine kila wakati, kula, kuoga, kwenda msalani. Ndiyo maana mara nyingi anayezipokea ni mlezi. Yaani hauulizwi kama unaweza kufanya kazi. Unaulizwa kama unaweza kuachwa peke yako. Kijana wetu anajilisha na kutembea hadi stejini, kwa hivyo yuko nje.

Sasa linganisha na msamaha wa kodi. Mwenye kadi aliyeajiriwa, akipata cheti cha KRA, halipi kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza kila mwezi. Anayelipwa kiasi hicho anabaki na zaidi ya 30,000 ambazo zingekatwa. Sisemi anyang'anywe, kuishi na ulemavu ni gharama. Lakini angalia hesabu: mwenye kazi nzuri anapunguziwa 30,000, anayelala kitandani anapewa 2,000 ambazo hazijaongezwa kwa zaidi ya miaka 10 na mara kwa mara huchelewa, na aliye katikati, asiye na kazi na asiyehitaji mlezi, anapata sufuri.

Katiba ya 2010 haisemi hivyo. Kifungu cha 43 kinaitaka serikali kuwapa hifadhi ya jamii watu wasioweza kujikimu wenyewe na wanaowategemea. Kipimo hapo ni kujikimu, si kuhudumiwa usiku na mchana. Afrika Kusini wanafuata kipimo hicho: mtu wa miaka 18 hadi 59 ambaye ulemavu unamzuia kufanya kazi hupimwa na daktari, kipato chake kikaangaliwa, akapewa ruzuku, ya muda ama ya kudumu.

Kuna milango mingine, lakini nayo ina masharti. NSSF hulipa mwanachama aliyeshindwa kabisa kufanya kazi, ila vibarua wangapi wa mpunga wanakatwa NSSF? Mlango ambao vijana wengi hawaujui ni Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya 2007. Ukiumia ukiwa umeajiriwa, fidia ya ulemavu wa kudumu huhesabiwa kwa mapato ya miezi 96, kulingana na kiwango cha ulemavu. Ripoti kwa mwajiri kwa maandishi na ubaki na nakala, maana miezi 12 ikipita bila yeye kuarifiwa, haki yako imekwisha. Wengi hupewa nauli na pole, wakanyamaza. Na mwenye boda yake mwenyewe hana mwajiri wa kudai.

Kwa wale ambao kweli wanahitaji msaada wa kila siku, wengi huanguka kwa sababu ya karatasi. Ripoti inasema "amepooza miguu" na kuishia hapo. Mwombe daktari aandike ni mambo gani mgonjwa hawezi kujifanyia na ni nani anayemhudumia. Halafu usiishie kwa chifu. Wanaosimamia Inua Jamii ni maafisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo, na wa Mwea Mashariki wako papa hapa Wang'uru.